Mng'aro wa ganda la risasi huficha mengi

GANDA tupu la risasi lililookotwa kando ya njia huko Ntimaru au kwenye ufuo wa Karungu laweza kumvutia mtu kwa mng'aro wake. Likisuguliwa kwa jivu na ndimu, hugeuka rangi ya dhahabu. Kwa jicho la mtu wa kawaida ni shaba nzima iliyo tayari kutumika tena. Kwa jicho la mtaalamu, hicho ni kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu angekirudisha ndani ya bunduki.

Katika nchi ambako uwindaji na mchezo wa kulenga shabaha vinaruhusiwa, wamiliki wengi wa bunduki huyahifadhi maganda yao na kuyajaza upya. Fataki mpya hutiwa kitakoni, baruti hupimwa na kumiminwa ndani, kisha kichwa kipya cha risasi hukazwa mdomoni. Kati ya sehemu nne za risasi, ganda ndilo pekee linalobaki baada ya mlio. Fataki huungua, baruti hugeuka moshi na kichwa huenda zake. Ganda hurudi, na kila linaporudi hubeba alama za yale lililoyapitia.

Ndiyo sababu suala la kuchagua ganda bora halianzi na urembo wake. Huanza na swali moja: ni nani aliyelifyatua, kwa bunduki gani, na mara ngapi? Ganda lisilo na majibu ya maswali hayo ni hatari, hata liwe limetoka katika kiwanda mashuhuri kiasi gani. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, karibu kila ganda linaloonekana chini ni la aina hiyo.

Maganda mengi ya risasi za bunduki kubwa hutengenezwa kwa shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Madini hayo hayakuchaguliwa kwa ajili ya rangi. Bunduki inapofyatuliwa, ganda hutanuka ghafla na kubana kuta za chemba, likizuia gesi ya moto isirudi nyuma kumwelekea mlengaji. Baada ya hapo hunywea kidogo na kulegea, hivyo kwamba laweza kuchomolewa kwa urahisi. Madini yaliyo magumu mno hayatanuki inavyofaa, na yaliyo laini mno hutanuka na kung'ang'ania humo humo.

Nguvu inayohusika si haba. Ndani ya risasi ya aina ya .308 Winchester, shinikizo la juu linaloruhusiwa linakaribia paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Hewa ya gurudumu la gari dogo ni takriban paundi 30. Hivyo basi kipande hicho chembamba cha shaba, kikisaidiwa na chuma cha bunduki, huzuia nguvu inayozidi ile ya gurudumu kwa takriban mara 2,000, sentimita chache kutoka kwenye shavu na jicho la mtu.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hawalifanyi ganda liwe na ugumu ule ule kila mahali. Kitako huachwa kigumu ili kisipanuke na kuiachilia fataki. Shingo na mabega hupashwa moto kiwandani ili yalainike. Yule anayenunua maganda mapya mara nyingi huona kivuli cha samawati na kahawia kwenye shingo, akadhani ni uchafu au ni mali ya zamani. La hasha. Hiyo ni alama ya moto uliotumiwa kulainisha, na baadhi ya viwanda huiacha makusudi ili mnunuzi aione.

Nchini Kenya, shughuli ya kujaza risasi upya si ya kila mtu. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na pamoja nao ikatoweka sababu kubwa iliyowafanya raia wengi wamiliki bunduki za masafa marefu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na cheti hicho hutaja pia idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Kutengeneza au kuuza risasi kama biashara ni kazi ya waliosajiliwa. Kwa hiyo mkazi wa Rongo, Ndhiwa au Mbita hawezi kuamua tu kufungua karakana ya risasi nyuma ya nyumba yake.

Ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirari, hali ni tofauti kidogo. Tanzania bado inaruhusu uwindaji wa kitalii, na wawindaji huingia na bunduki za kaliba kubwa kama .375 H&H, ambayo imekuwapo tangu 1912. Risasi za aina hiyo ni ghali, na huko Ulaya na Marekani wengi wa wanaozitumia huzijaza wenyewe kabla ya safari. Ni katika mazingira ya watu kama hao ambapo ujuzi wa kuchagua maganda umekomaa.

Je, wao hutazama nini?

Jambo la kwanza ni maandishi ya kitakoni. Kila kiwanda chenye sifa hupiga mhuri unaotaja jina lake, na mara nyingi kaliba. Lapua ya Ufini, Norma ya Sweden na RWS ya Ujerumani zinasifiwa kwa maganda ambayo unene wa kuta zake ni sawa pande zote. Hornady, Winchester na Federal za Marekani, pamoja na Sellier & Bellot ya Jamhuri ya Czech, hupatikana kwa urahisi zaidi na huwatosha wawindaji wengi. Hata hivyo, jina peke yake halimalizi hoja. Maganda 50 ya kiwanda cha wastani yaliyonunuliwa pamoja, yakafyatuliwa katika bunduki moja na kuwekewa kumbukumbu, ni bora kuliko mchanganyiko wa majina makubwa uliookotwa kwenye uwanja wa shabaha.

Sababu ni kwamba maganda ya viwanda mbalimbali hayalingani kwa ndani. Yote yaweza kuingia vyema katika chemba ile ile, lakini moja likawa na kuta nene kuliko jingine. Lenye kuta nene lina nafasi ndogo, na kiasi kile kile cha baruti kikiungua katika nafasi ndogo huzaa shinikizo kubwa zaidi. Ganda la kijeshi la 7.62 kwa 51 ndilo mfano unaotajwa mara nyingi. Kwa umbo la nje linafanana mno na lile la kiraia la .308, lakini kwa kawaida ni zito zaidi. Ndiyo maana mizani ndogo ya sonara ni kifaa cha lazima mezani pa mjazaji. Akiona ganda moja limezidi wenzake kwa uzito waziwazi, hulitenga.

Jambo la pili ni mdomo na shingo. Kila ganda linapofyatuliwa na kisha kubanwa katika kalibu ili lirudie umbo lake, shaba ya shingo huzidi kuwa ngumu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukatike. Ufa mwembamba mdomoni, hata uwe mfupi kama punje ya mtama, unatosha kulitupa ganda hilo. Kuna wanaojaribu kuokoa maganda kwa kupasha shingo moto upya. Kazi hiyo inawezekana, lakini moto ukishuka hadi kitakoni, ganda zima huwa limeharibika bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Hakuna kosa baya kuliko hilo katika ufundi huu wote.

Tatu, na pengine ndilo jambo kubwa kuliko yote, ni mstari unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako. Ganda linaponyooka kwa nguvu ya mlipuko, shaba huvutwa kutoka sehemu hiyo na ukuta hupungua unene. Kwa nje huonekana duara jembamba linalong'aa kuliko sehemu nyingine. Kwa ndani huwa mfereji. Wajazaji hukunja ncha ya waya mwembamba, wakaiingiza kupitia mdomoni na kuikwaruza polepole ukutani. Waya ukinasa mahali fulani karibu na kitako, ganda hilo limekwisha. Likifyatuliwa tena laweza kukatika vipande viwili, na gesi yote ikatafuta njia ya kutokea. Kwa bunduki za .375 H&H, ambazo ganda lake lina mkanda kitakoni, ufa huo hujificha mbele kidogo tu ya mkanda.

Fataki nayo hutoa ushahidi wake. Ikiwa fataki mpya inaingia kwa ulegevu, maana yake ni kwamba kitako kimetanuka na ganda limewahi kubeba shinikizo kupita kiasi. Mengine yote, kama vile kupima urefu na kupunguza mdomo uliorefuka, ni kazi ya kawaida ya kalipa na subira.

Sasa turejee kwenye maganda ambayo mwananchi wa eneo la Ziwa anaweza kukutana nayo. Mengi ni ya bunduki za G3, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa silaha ya kawaida ya polisi wa Kenya. Risasi yake ni ile ya 7.62 kwa 51, na shaba yake ni nzuri. Tatizo ni bunduki yenyewe. Chemba ya G3 ina mifereji midogo inayosaidia ganda kutoka, na mifereji hiyo huacha mistari myeusi mwilini mwa ganda. Aidha, bunduki hiyo hulitupa ganda kwa nguvu nyingi kiasi cha kulibonyeza ubavuni. Mtu akiona ganda lenye mistari ya wima na bonyeo kubwa, hahitaji maabara kukisia lilikotoka.

Maganda ya AK-47 ni kisa kingine. Mengi yake si shaba kamwe, bali ni feleji iliyopakwa rangi au kufunikwa kwa utando mwembamba wa madini mengine. Ukiyakaribia na sumaku hunasa. Tena fataki zake ni za aina ya Berdan, ambayo huacha matundu mawili madogo ndani ya ganda badala ya tundu moja la katikati lililo katika aina ya Boxer. Kalibu za kawaida hutoa fataki iliyoungua kwa kuisukuma na sindano kupitia tundu hilo la katikati. Pasipo na tundu la katikati, sindano huvunjika. Hivyo basi, ukaguzi wa haraka kuliko wote ni kumulika tochi ndani ya ganda na kuhesabu matundu.

Kuna pia mabaki ya zamani zaidi. Septemba 1914, wiki chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, majeshi ya Kijerumani yalivuka mpaka kusini na kufika Karungu na Kisii, na tarehe 12 mwezi huo mapigano yakazuka Kisii kati yao na askari wa King's African Rifles. Waingereza walitumia risasi za .303. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki kuukuu za Mauser za milimita 11 zilizotoa moshi mwingi. Bunduki za .303 hazikutoweka baada ya vita hivyo, kwani kwa miongo mingi zilibaki mikononi mwa polisi wa akiba vijijini.

Ganda la .303 la enzi hizo ni kitu cha makumbusho wala si cha kujazwa. Fataki za kijeshi za Uingereza zilikuwa na kemikali ya zebaki, na zebaki ikishagusa shaba nyeupe wakati wa mlipuko huifanya iwe dhaifu kama kigae. Mengi pia yana fataki ya Berdan. Juu ya hayo, chemba za bunduki za Lee-Enfield zilitengenezwa kwa nafasi ya kutosha ili zisikwame kwa matope ya vitani, jambo linalofanya maganda yake yanyooke sana na kukatika mapema.

Kutajwa kwa zebaki kunaigusa Migori kwa namna ya pekee. Kaunti hiyo ina historia ndefu ya madini. Mgodi wa Macalder huko Nyatike ulitoa shaba yenyewe hadi ulipofungwa mwaka 1966, na hadi leo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika eneo hilo hutumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu. Madhara yake kwa afya na maji yamesemwa mara nyingi. Lisilosemwa sana ni kwamba zebaki huichukia shaba nyeupe. Viwandani, kwa muda mrefu imekuwa kawaida kutumbukiza vipande vya shaba nyeupe katika mchanganyiko wenye zebaki ili kubaini vile vilivyo na mkazo ndani yake, kwani vyenye mkazo hupasuka. Kijana anayeweka ganda la risasi katika kopo moja na vifaa vya kuoshea dhahabu amelifanyia mtihani huo bila kujua.

Adui mwingine ni amonia. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India lilishangazwa na risasi zilizopasuka zenyewe ghalani bila kuguswa, hasa majira ya mvua. Zilikuwa zimehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wanasayansi Waingereza Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo chake: amonia itokanayo na mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu, hushambulia shaba nyeupe iliyo na mkazo na kuipasua. Suluhisho likawa kupasha shaba moto kidogo ili kuondoa mkazo huo, na kuihifadhi mahali pakavu.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya farasi wa India tu. Kuria ni nchi ya ng'ombe, na kandokando ya Ziwa Victoria unyevu haukosekani mwaka mzima. Ganda lililolala msimu mzima kwenye udongo wa boma limeoga amonia kila siku. Dalili yake huwa ni madoa ya waridi au mekundu, mahali ambapo zinki imeliwa ikaacha shaba nyekundu yenye vitundu. Madoa ya kahawia ya kawaida huondoka kwa kusuguliwa. Haya ya waridi huondoka juu tu. Hapo ndipo ndimu na jivu vinapoleta maafa, maana vinafuta ushahidi wa nje na kuacha ugonjwa wa ndani. Hata dawa fulani za kung'arishia vyombo vya shaba zina amonia, na wajazaji wazoefu hawazitumii kabisa.

Lakini hata kama ganda lililookotwa lingekuwa zima, lingekuwa bado na mwenyewe mwingine anayelihitaji zaidi. Pini ya bunduki huacha alama katika fataki, na ukucha unaochomoa ganda huacha mkwaruzo kitakoni. Alama hizo hutofautiana kati ya bunduki moja na nyingine, na wapelelezi huzilinganisha ili kubaini kama maganda mawili yalitoka katika silaha moja. Katika maeneo yanayoshuhudia wizi wa mifugo, iwe ni baina ya koo za Wakuria, mpakani na Tarime au upande wa Transmara, ganda moja laweza kuwa ndilo shahidi pekee aliyebaki. Hali ni hiyo hiyo katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, Homa Bay, ambayo ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Ganda linaloonekana humo huwaambia askari wa wanyamapori kwamba kuna aliyeingia.

Mhuri wa kitakoni nao husema mengi. Mwaka 2008 utafiti wa shirika la Small Arms Survey lenye makao Uswisi ulichunguza mihuri ya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini. Karibu nusu ya risasi haramu zilizokuwa zikizunguka huko zilihusishwa na akiba ya polisi wa Kenya, nyingi zikiwa na mhuri wa kiwanda cha serikali cha Kenya Ordnance Factories Corporation kilichoko Eldoret. Hilo lisingejulikana kama maganda na risasi hizo zingekuwa zimeyeyushwa kuwa bangili na vikombe.

Kuna wanaoyaokota ili kuyauza kwa uzito, kwani shaba hulipwa vizuri kuliko chuma. Biashara ya vyuma kuukuu inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015 inayowataka wafanyabiashara wawe na leseni, na ilisitishwa kote nchini Januari 2022 kufuatia uharibifu wa miundomsingi ya umeme kabla ya kufunguliwa tena baadaye mwaka huo. Muuzaji wa rejareja hana njia ya kueleza ganda la risasi ya G3 lilivyofika kwenye gunia lake.

Anayeliona ganda shambani au barabarani baada ya tukio la risasi anashauriwa aliache lilipo, azuie watoto na mifugo wasilikanyage, kisha amjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Akiona risasi nzima, yenye kichwa chake, asiiguse wala kuiweka karibu na moto. Risasi ikilipuka nje ya chemba, kichwa huenda polepole, lakini ganda hupasuka na vipande vyake hurushwa kila upande.

Nao wajazaji wenye leseni, wanapokataa ganda, hawalitupi likiwa zima. Huliponda mdomo kwa koleo hadi ubapa kabla ya kulitia katika debe la vyuma, ili mwingine asije akalisugua na kudhani ni jipya.